Nyatiti ikichomekwa kwa amplifaya, jina la nani linaandikwa?

Tuanze na Jumapili moja hapa Jericho. Vijana watatu wa mtaa wana gitaa moja, dramu zilizounganishwa kutoka seti mbili tofauti, na amplifaya ya mtumba ambayo ukiigusa vibaya inakurusha. Wanapiga roki. Sio ile ya kubembeleza, ni ile ya kelele, ile mathe akiisikia anauliza kama mko sawa kichwani. Wanafanya mazoezi mchana kwa sababu usiku majirani hawataki, na wanacheza mpaka tokeni za stima ziishe.

Siku hiyo mlango ukagongwa. Sote tukajua ni yale ya kawaida, jirani amechoka. Kumbe ni mzee anayeshona viatu karibu na steji, na kwapani ana nyatiti. Akaomba kigoda. Akavua kiatu, akavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, akafunga njuga, akasikiliza wimbo mmoja mzima bila kusema kitu. Halafu akasema, "Wanangu, hiyo kitu mnapiga iko karibu. Lakini mguu uko wapi?"

Kama hujawahi kuona nyatiti ikipigwa karibu, nikueleze. Ni chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya wavuvi. Mpigaji hukaa chini, vidole vinachezea nyuzi, na wakati huo huo ile pete ya mguuni inagonga mbao ya chombo. Njuga nazo zinajibu. Kwa hivyo mtu mmoja ni gitaa, ni besi, ni dramu, na bado anaimba. Mzee alipoanza kugonga, yule kijana wa dramu aliacha kupiga kabisa. Baadaye aliniambia alihisi kama ameshikwa akiiba mtihani.

Mimi sikuwa hapo kama mwanamuziki. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na tangu hapo naandika, nabeba spika za watu, na nakaa kwa mazoezi ya wengine. Lakini nataka tuongee kuhusu kilichofuata wiki tatu baadaye, waliporekodi huo wimbo kwa simu na laptopu. Ilipofika wakati wa kuuweka mtandaoni, mmoja akauliza: mzee tunamuandika wapi? Na hapo mbogi ikagawanyika.

Kuna wale walisema nyatiti ni ya jamii nzima, kwa hivyo haina mwenyewe. Kuna wale walisema mzee alikuwa "mgeni tu". Na kuna mmoja alinyamaza, ambaye ndiye huyo wa dramu. Kama unafikiri huo ni ugomvi mdogo wa watoto wa mtaa, subiri nikuonyeshe umetoka wapi.

Kwanza tumalize ule uongo kwamba kuchanganya asili na gitaa la umeme ni mambo ya juzi, ya vijana waliopotea. Benga ni nini basi? Gitaa lilipoingia huku Magharibi mwa Kenya katikati ya karne iliyopita, wapigaji hawakukaa chini kuiga Wazungu. Walichukua mtindo wa nyatiti na kuuhamishia kwa gitaa: noti moja moja, haraka, gitaa la mbele likifuata sauti ya mwimbaji kama mtoto anayekanyaga nyayo za babake. Besi ikawa nzito kwa sababu mguu wa mzee ulikuwa mzito. Halafu kunafika mahali mwimbaji ananyamaza na magitaa yanakimbia yenyewe. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, akaja Kenya na kujenga Shirati Jazz, alikuwa bwana wa hiyo kazi hadi alipofariki kwa ajali ya barabara Kisumu, Mei 2006. Huo muziki ukasafiri mpaka Zimbabwe, na huko wakauita kanindo kwa sababu ya jina la produsa Oluoch Kanindo lililokuwa kwa sahani za santuri. Soma hiyo tena. Nchi nzima ilikumbuka jina la aliyeuza santuri, na wengi waliopiga hizo gitaa hawajulikani.

Na roki yenyewe? Watu wa mtaa hupenda kusema ni ya watoto wa Westlands na Karen. Chuck Berry hakuzaliwa Karen. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke Mweusi aliyekuwa akipiga gitaa la umeme na kuimba nyimbo za kanisa kabla wengi wa hao mastaa wa Uingereza hawajaota meno, hakuzaliwa Westlands. Tuendelee.

Wimbo ambao ningependa uuweke kichwani ni Kothbiro, yaani "mvua inakuja". Ukiuliza watu, watakwambia ni wa Ayub Ogada, na hawajakosea kabisa. Ayub, ambaye jina lake la kwanza kwa muziki lilikuwa Job Seda, aliuweka kwa albamu yake En Mana Kuoyo ya 1993, iliyotoka kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel kule Uingereza. Yeye na nyatiti, polepole, sauti kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Ndio huo uliosikika kwa filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, ile iliyopigwa picha Kibera. Alifariki Februari 2019.

Lakini kabla ya hapo, miaka ya sabini, kulikuwa na bendi ya Nairobi inaitwa Black Savage. Vijana wa mjini, magitaa ya umeme, roki na funki, na Job Seda akiwa ndani. Wao ndio walirekodi Kothbiro kwanza. Yaani ule wimbo ambao dunia inauchukulia kama sauti safi ya kijijini ulizaliwa ndani ya bendi ya gitaa la umeme hapa Nairobi. Ulianza kwa bendi, ukaenda kwa nyatiti baadaye. Mimi hili lilinichanganya sana nilipolijua. Tumezoea kufikiri asili ndiyo mzizi na umeme ndio tawi.

Sasa, Juni 2018, Kanye West anatoa albamu Ye, na wimbo mmoja unaitwa Yikes. Humo ndani kuna kipande cha Kothbiro ya Black Savage. Ukiangalia orodha ya watunzi wa Yikes utakuta jina la James Mbarack Achieng.  Ni mtunzi wa Kothbiro, aliyekuwa Black Savage. Kwa nini jina lake lipo? Kwa sababu miaka ya sabini, mtu fulani aliandika kwa karatasi nani ametunga. Kitu cha dakika mbili, kalamu na karatasi, na zaidi ya miaka 40 baadaye kinakufuata mpaka Marekani. Wangekuwa na ile akili ya "si ni yetu sote tu," leo tungekuwa tunapiga kelele Twitter bila ushahidi.

Weka hilo kando ya hadithi ya Extra Golden. Hii najua wengi wa rika letu hawaijui, na inaniuma. Ian Eagleson, Mmarekani, alikuja Kenya kufanya utafiti wa benga kwa masomo yake ya juu. Akaingiliana na Otieno Jagwasi, mpigaji gitaa na mwimbaji wa benga wa vilabu vya hapa. Badala ya kuishia kuandika kitabu, wakaunda bendi pamoja na Alex Minoff, mwenzake Eagleson wa roki. Mwaka 2004 wakarekodi hapa Nairobi albamu waliyoiita Ok-Oyot System. Ukimuuliza Mjaluo yeyote kwa matatu ya 58 atakwambia "ok yot" ni "si rahisi". Na kweli haikuwa rahisi. Jagwasi aliugua akafariki 2005. Albamu ikatoka 2006 kwa lebo ya Thrill Jockey ya Chicago, bila yeye.

Wenzake waliendelea. Opiyo Bilongo akaingia. Wakapata mwaliko wa kucheza tamasha Chicago mwaka 2006, na visa zikakwama kama kawaida, mpaka ofisi ya seneta mmoja wa Illinois ikasaidia. Seneta huyo aliitwa Barack Obama. Wakamtungia wimbo, tena kabla hajawa rais, kwa hivyo usiseme walikuwa wanajipendekeza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka, marafiki na mashabiki wa nje walichanga pesa kusaidia familia za wanamuziki wa huku. Albamu ya 2009 ikaitwa Thank You Very Quickly.

Ukisikiliza hizo albamu utaona kitu: hakuna anayemfunika mwenzake. Benga haijawekwa kama pilipili juu ya chipsi. Gitaa la roki linangoja zamu yake. Na majina ya Wakenya yako mbele, sio kwa maandishi madogo ya nyuma. Kwangu huo ndio mfano bora tulio nao, na ni aibu kwamba ulifanyika hapa hapa na sisi tunajua bendi za Norway kuliko hiyo.

Mtu ataniambia hizo ni za wazee, leo je? Sawa. Duma, kina Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao 2020. Kelele ya kutisha, mashine na mayowe. Wao walieleza jina lao ni giza kwa Kikuyu, ingawa mathe wangu akisikia "nduma" anafikiria ile ya kula na chai. Lebo iliyowatoa ni Nyege Nyege Tapes. Ya wapi? Kampala. Kundi la Nairobi lilibidi lipitie Uganda ndipo Ulaya iwasikie, na Ulaya iwasikie ndipo magazeti ya hapa yawaandike. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, akatoa albamu yake mwenyewe The Adept mwaka 2024, na safari hii kwa lebo yake, Haekalu. Aliitolea kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau anayemhesabu kama bibi wa ukoo wake, aliyefariki 2023. Hakuna nyatiti wala wandindi humo. Lakini anayesema hiyo haina uhusiano na asili anieleze asili ni nini, kama sio kukumbuka nyanya aliyekaa msituni kwa sababu ya ardhi.

Tena kuna jambo tunalikwepa. Hiyo asili tunayoitetea ina sheria zake, na zingine ni ngumu kumeza. Nyatiti kwa mila haikuwa ya wanawake. Aliyejulikana sana kwa kuvunja hilo ni Mjapani, Eriko Mukoyama, anayeitwa Anyango, aliyekwenda kufunzwa Siaya. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi, halafu nikakasirika. Furaha kwa ajili yake, hasira kwa ajili ya wasichana wa Alego waliokaa karibu na hicho chombo maisha yao yote wakiambiwa wasikiguse. Siku hizi tunaye Labdi anayepiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja, na anaichanganya na muziki wa kisasa bila kuomba radhi. Msichana wa Kayole akitaka kuichomeka orutu kwa amplifaya kesho, mfano anao.

Nje ya hapa, angalia Mongolia. Kundi la The Hu lilianza 2016, wakachukua fidla yao ya nyuzi mbili yenye kichwa cha farasi, na ile sauti yao ya kuimbia kooni, wakaweka juu ya roki nzito. Video zao za 2018 zikalipuka intaneti. Mwaka 2019 rais wa nchi yao akawapa nishani ya Chinggis Khaan. Nawaza hapa kwetu vijana wenye nywele ndefu na fulana nyeusi wakienda Ikulu kupewa nishani. Kwanza watapekuliwa.

Zambia ndiyo inanipa hofu. Miaka ya sabini walikuwa na roki yao wenyewe, inaitwa zamrock: WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Fuzz ya gitaa na midundo ya nyumbani. Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaanguka nao, halafu ukimwi ukaja ukabeba wanamuziki wengi. Jagari Chanda wa WITCH akaishia kuchimba mawe ya thamani. Miongo kadhaa baadaye wakusanyaji wa santuri wa Marekani na Ulaya wakaanza kutoa hizo rekodi upya, na mwaka 2024 Tyler, the Creator akatumia kipande cha Ngozi Family kwa wimbo wake Noid. Paul Ngozi hakuwepo kuusikia. WITCH angalau wamerudi jukwaani na kutoa albamu mpya 2023, Jagari akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Sitaki yule mzee wa viatu agunduliwe na mtu wa Los Angeles mwaka 2060.

Turudi kwa ile hoja ya mbogi, kwamba nyatiti ni ya jamii kwa hivyo haina mwenyewe. Sheria ya Kenya inasema karibu kinyume chake. Tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inasema jamii ndiyo yenye haki, na anayetaka kutumia kitu chao kibiashara nje ya desturi anafaa kuomba idhini yao. Kaunti zinafaa kuweka rejista. Kuwa ya wote hakumaanishi kuwa ya bure. Halafu kuna sheria ya hakimiliki ya 2001, ambayo inamlinda pia mtumbuizaji. Wimbo unaweza kuwa wa mababu, lakini vidole vilivyoupiga Jumapili ile, na ile namna ya kuupiga, vina mwenyewe, na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa bomba la maji.

Sasa wewe utaniuliza, ni nani atakwenda mahakamani kwa ajili ya video yenye watazamaji 400? Hakuna. MCSK na Bodi ya Hakimiliki wenyewe wamevutana mahakamani kuhusu leseni zaidi ya mara moja, na msanii wa kawaida anasubiri mrabaha kama anayesubiri mvua Turkana. Ndio maana nasema makubaliano yafanywe pale pale kwa mazoezi, kabla wimbo haujawa na thamani. Ukishakuwa na thamani kila mtu anakuwa na kumbukumbu tofauti.

Na kuna suala la mahali. Kelele inahitaji chumba. Desemba 2022 kaunti ya Nairobi ilifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo ndani ya makazi, na sitawalaumu majirani wenye watoto wa shule. Mimi pia nimelala karibu na spika ya mtu. Lakini ukifunga vilabu bila kufungua kumbi, bendi inaenda wapi? Eastlands ina kumbi za jamii tangu enzi za mkoloni. Ule wa Kaloleni ulisikia hotuba za kina Tom Mboya. Genge na gengetone zilikua bila kumbi kwa sababu zilihitaji kompyuta moja na maiki moja chumbani. Ethic walitoka Umoja na Lamba Lolo 2018 na nchi ikatikisika. Bendi haiwezi hivyo. Dramu haiingii kwa kibeti. Ndio sababu moja roki ikabaki ya waliozaliwa na gereji, na sio eti masikio ya Eastlando ni tofauti. Simama Jogoo Road siku AFC Leopards wanacheza, usikie isukuti zinavyokuja, ngoma ambazo UNESCO iliziweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka mwaka 2014. Halafu uniambie hawa watu hawapendi kelele.

Kuhusu wimbo wa Jericho, nitakwambia ulivyoishia. Yule wa dramu, aliyenyamaza, ndiye aliyetoa kitabu cha mazoezi na kurarua karatasi. Wakaandika majina manne. Wakagawa sehemu nne sawa, hata kama kwa sasa ni nne za sufuri. Wakampelekea mzee pale steji, kati ya mteja wa soli na mteja wa zipu. Akaisoma polepole, miwani kwa ncha ya pua.

Akauliza, "Hapa mmeandika nyatiti. Na mguu je?"

Wakaangaliana. Kijana wa dramu akachukua kalamu, na mbele ya jina la mzee akaongeza: nyatiti, sauti ya pili, mguu. Mzee akatia sahihi, akairudisha, akaendelea na kiatu.

Video bado haijatoka. Tokeni ziliisha tena.